Kipimo cha Kesho Asubuhi

Asubuhi ile Tarane alikuwa jikoni anagonga muhuri wa mbao juu ya kolompe, zile biskuti za tende na jozi ambazo pale mjini Kerman hakuna binti anayeolewa bila majirani kuzila mpaka washibe. Unga ulikuwa umemfika kwenye viwiko. Mama yake, Bi Sediqe, alikaa chini na sinia mapajani, anafinyanga tende kuwa viduara na kuvirusha kwenye bakuli.

"Gonga kwa adabu," mama alimwambia. "Hicho siyo kichwa cha mama mkwe wako."

"Mama!"

"Mama nini? Mimi za kwangu nilizigonga kwa hasira mpaka maua hayakuonekana. Bibi yako akazila hivyohivyo, akasema tamu. Mwongo yule, Mungu amrehemu."

Tarane alicheka mpaka unga ukampanda puani. Alikuwa na furaha inayotia aibu, ile ya kucheka peke yako ukifua. Kesho asubuhi yeye na Behrang walikuwa waende maabara kwa ajili ya kipimo cha ndoa. Katika nchi yao hakuna ofisi inayokubali kufungisha ndoa kabla ya karatasi ya maabara. Damu wanatoa wote wawili. Mkojo anatoa bwana harusi, na mkojo ule hawatafuti sukari. Wanatafuta kama mtu anatumia dawa za kulevya.

Na baba yake Tarane, Haji Esfandiar, alishasema neno lake mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ataipokea karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa safi, atasaini. Isipokuwa safi, asitafutwe. Na bila saini ya baba, binti haolewi.

Behrang alikuwa fundi wa zile mashine za kupoza nyumba zinazokaa juu ya mapaa, zinazopitisha upepo kwenye majani makavu yaliyoloa. Tarane alimjua kiangazi cha mwaka juzi, alipokuja kwao kubadilisha majani na kumwomba maji ya kunywa mara nne ndani ya saa moja. Hakuna mwanadamu mwenye kiu ya namna hiyo, mama alisema. Baadaye ndiyo Tarane akajua kwamba yule kijana mpole mwenye kope ndefu alikuwa anavuta unga. Akalia. Akamwambia ukweli wake. Na Behrang, kwa ajili ya machozi yale, akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya matibabu nje ya mji, akakaa kule majira yote ya baridi ya mwaka ule.

Hayo watu waliyajua. Kuna kitu ambacho hawakukijua. Tangu atoke kule, kila asubuhi Behrang alipita kliniki, akasimama kwenye dirisha dogo, akapewa kikombe cha dawa, akainywa mbele ya muuguzi, akafungua mdomo kuonyesha kwamba ameimeza, halafu akaenda kazini na vifaa vyake. Dawa ile ndiyo iliyokuwa inamshika mkono. Haji Esfandiar yeye alidhani Behrang amepona kama mtu anavyopona homa, basi, kwisha. Tarane alijua, akanyamaza. Walikubaliana Behrang mwenyewe amwambie mzee kabla ya kipimo. Daktari naye alishawatuliza kwamba ataongea na maabara, dawa itaonekana kuwa dawa, bibi harusi ataulizwa kama anaridhika, atasema ndiyo, mambo yaishe.

Simu ililia juu ya friji. Tarane alifuta mkono mmoja kwenye nguo.

"Tarane? Mimi Pouran wa kliniki. Uko peke yako?"

Alimtazama mama yake. Akatoka hadi uani.

"Niambie, dada Pouran. Salama?"

"Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Kazini. Si umempa dawa yake asubuhi?"

Kule upande wa pili kurasa za daftari zilifunuliwa.

"Hajaja," Pouran alisema. "Leo hajaja, jana hajaja. Tangu wiki ianze sijamwona. Nikasema labda mmesafiri kwa mambo ya harusi. Halafu nikakumbuka, we Pouran, huyu mtu hata siku ya theluji alikuja na ndala. Yeye mwenyewe alitaja jina lako kwamba akipotea upigiwe wewe. Ndiyo nakupigia."

"Lakini usiku tumeongea! Kasema ana mafua tu."

"Mafua." Pouran alitoa pumzi ndefu. "Sikiliza mdogo wangu. Hiyo siyo mafua, hiyo ni arosto, mwili unadai dawa. Anatokwa jasho, anatetemeka, mifupa inamuuma kama inapasuliwa. Arosto peke yake haimuui. Kinachonitisha mimi ni atakachokifanya akichoka kuvumilia. Mwili wake umesahau unga. Akirudi kwa wale wenzake, akavuta kiasi kilekile cha zamani, hataamka. Nimewaona kwa macho yangu. Sisemi kukutisha."

"Unanitisha, dada."

"Basi ogopa, lakini ogopa huku unatembea. Mlete. Tunafunga alasiri, na siondoki mpaka nikuone."

Tarane alibaki uani na simu kifuani. Jua lilikuwa kali, lakini mikono yake ilikuwa ya baridi kama ametoka kuosha vyombo wakati wa theluji. Alijua kwa nini Behrang ameacha dawa. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Kwa ajili ya karatasi. Mjinga yule, kipenzi yule, alitaka mkojo wake uwe mweupe kama maji ya mvua mbele ya Haji Esfandiar.

"Mama, natoka kidogo," alisema akivaa kitambaa cha kichwa.

"Unaenda wapi na biskuti ziko mbichi?"

"Kwa fundi cherehani."

Bi Sediqe alimtazama usoni. "Fundi cherehani gani anayemtoa mtu machozi? Nenda. Ila pangusa unga kwenye pua, watu wasije wakasema wameona jini."

*

Mama yake Behrang, Bi Tuba, alimfungulia mlango akiwa na glasi ya chai mkononi, na donge la sukari ya mawe linayeyuka ndani yake.

"Mkwe wangu! Karibu, karibu, usinitazame hivi nilivyo, nyumba chafu. Mwenzio ana mafua. Mafua ya kiangazi ndiyo mabaya. Nampa hii chai, anatapika. Nimemkanda miguu usiku mzima, anapiga mateke kama punda. Mafua ya wapi haya ya miguu?"

Tarane alimbusu mashavu yote mawili na hakuweza kumtazama machoni. Mama wa watu hajui. Au anajua, na amechagua neno mafua kwa sababu lile lingine haliwezi kutamkika tena ndani ya nyumba ile.

"Yuko wapi, mama?"

"Juu ya paa. Anasema chini kunambana."

Alipanda ngazi mbilimbili. Juu ya paa kulikuwa na minanaa iliyoanikwa kwenye shuka, na mashine ya kupoza inatiririsha maji kidogo kidogo. Nyuma yake, kwenye kipande cha kivuli kisichotosha hata paka, Behrang alikuwa amejikunyata. Alivaa koti la baridi. Kiangazi chote kile, na yeye amevaa koti la baridi.

Alipoinua uso, Tarane alisahau maneno yote aliyoyapanga njiani. Zile kope ndefu zilikuwa zimeloa na kushikana. Pua inachuruzika. Ngozi ya shingo imesisimka vipele vidogovidogo kama kuku aliyenyonyolewa. Lakini macho yalipomwona yalifanya kile ambacho macho yale hufanya siku zote. Yalitabasamu kabla ya mdomo.

"Usije karibu," Behrang alisema. "Nanuka."

"Ulinuka pia ile siku ya kwanza. Jasho na majani mabovu. Nikakupenda hivyohivyo."

"Mara nne nilikuomba maji."

"Mara nne." Akachuchumaa mbele yake. "Inuka. Pouran anatusubiri."

Tabasamu likamtoka. "Amekupigia?"

"Kazi yake. Inuka, Behrang."

"Kesho," alisema. "Kesho nikishapima. Nikitoka maabara naenda moja kwa moja kliniki, nakunywa, nafungua mdomo, naonyesha meno na ulimi na kila kitu. Imebaki leo tu, Tarane. Usiku mmoja. Nimevumilia hizi zote, nishindwe usiku mmoja?"

"Daktari si alisema ataongea nao? Si alisema itaonekana ni dawa?"

"Daktari!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kwa daktari ni dawa. Kwa baba yako ni nini? Ataona neno moja tu kwenye karatasi, hatasoma la pili. Nilikwenda dukani kwake kumwambia, unajua? Wiki iliyopita. Nilifika kabisa. Akanikalisha, akaniagizia chai, akaniita mwanangu. Mwanangu! Mimi hata baba yangu mzazi hakuwahi kuniita hivyo. Akasema, nilikudharau, mwanangu, nisamehe, wewe ni mwanaume, uliacha kwa nguvu zako mwenyewe bila kutegemea kitu. Sasa hapo ningesema nini? Ningesema, hapana mzee, kila asubuhi nategemea kikombe?"

"Ndiyo! Ungesema hivyohivyo!"

"Ungesema wewe?"

Tarane akageuzia uso kwenye minanaa. Maana na yeye alikuwa analala nyumba moja na mzee yule, anakula naye meza moja, na hakuwahi kusema.

Behrang alijikunja ghafla, akashika tumbo. Meno yalikuwa yanagongana, ta-ta-ta, sauti ndogo ya kutisha mchana kweupe. Tarane alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na ulimshika wake kwa nguvu mpaka pete ya uchumba ikamchubua.

"Nilitaka nikupe kitu kimoja cheupe," Behrang alisema huku amefumba macho. "Kitu kimoja tu kutoka kwangu ambacho hakina doa. Watu wote wanaleta dhahabu. Mimi nikasema nitakuletea karatasi."

"Sitaki karatasi! Nitaiweka wapi karatasi? Nitalala nayo? Itanitengenezea mashine joto likizidi?"

Alicheka. Hata katika hali ile alicheka, na Tarane akapata tumaini dogo, akaliegemea.

Hapo ndipo simu ya Behrang ilipotetemeka juu ya sakafu kati yao. Wote wawili walitazama. Kwenye kioo kulikuwa na jina Ghodrat, na chini ya jina maneno machache: *Nipo palepale. Njoo tu ndugu yangu, usiteseke bure.*

Tarane alilijua jina lile. Ndiye aliyekuwa anavuta na Behrang, na hata mtaa anakokaa Tarane aliujua.

"Huyu kaijua wapi hali yako?"

Behrang aliigeuza simu kifudifudi.

"Behrang. Nimekuuliza. Nani kampigia mwenzie?"

"Nilimpigia mimi. Jana. Nilitaka kusikia sauti ya mtu tu."

"Sauti? Ghodrat ana sauti gani ya kusikilizwa? Anaimba? Anasoma Kurani?" Alikuwa anapiga kelele sasa, na kule chini Bi Tuba alikuwa anasikia, na yeye hakujali. "Una mama chini, una mimi, una Pouran, unampigia Ghodrat!"

"Ninyi mnaniogopa!" Behrang naye akapaza sauti. "Nikiwapigia nyie naanza kwa kuwatuliza. Nasema mafua, nasema sijambo. Yeye simtulizi. Yeye anajua."

Neno lile lilimchoma Tarane, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hata sasa alikuwa amemshika mkono wa koti kama mtu anayeanguka, na Behrang alikuwa anautazama mkono ule.

Akashusha sauti. "Sawa. Nakuogopea. Pouran ameniambia ukivuta kama zamani hutaamka. Hutaamka, Behrang. Hujasikia vizuri? Kesho watu watakula biskuti zangu kwenye msiba. Unataka hivyo? Nivae nyeusi kabla sijavaa nyeupe?"

Behrang alimtazama. Mtazamo ule Tarane aliufikiria baadaye mara nyingi, kila mara akiutafutia maana nyingine. Behrang aliinua kidole na kumfuta unga uliokuwa umebaki karibu na sikio.

"Usilie," alisema. "Basi. Umeshinda. Twende kwa Pouran wako."

"Kweli?"

"Kweli. Ila siwezi kupita mtaani na sura hii. Shuka umwambie mama akutilie chai. Nijimwagie maji ya bomba hapa, nivae shati, nakuja."

"Nakusubiri hapahapa."

"Nivue nguo mbele yako? Kipimo bado, bibie." Akakonyeza jicho lililojaa machozi. "Shuka, roho yangu. Dakika chache tu."

Akashuka. Mungu wangu, akashuka.

Bi Tuba alimtilia chai, akamsogezea bakuli la sukari, akaanza kumwambia habari za mapazia. Tarane alisikia maji ya bomba yanafunguka juu. Alisikia hatua. Aliweka donge la sukari kati ya meno na kunywa, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile alihisi utamu. Maji yaliendelea kumwagika. Bi Tuba alitoka kwenye mapazia akaingia kwenye vikombe. Maji yaliendelea. Hatua hakuzisikia tena.

Hakumaliza glasi.

Juu ya paa bomba lilikuwa wazi, maji yanakimbilia kwenye minanaa. Koti limetupwa. Mapaa ya mtaa ule yameungana kama mkeka mmoja, ukitaka unatembea mpaka mwisho wa mtaa bila kukanyaga chini. Kwenye paa la tatu mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo.

"Umemwona Behrang?" Tarane alimpigia kelele.

"Fundi? Kapita sasa hivi, hata salamu hakunipa. Nikajua kuna mashine ya mtu imeharibika."

*

Alimpigia simu. Iliita mpaka ikakata. Alimpigia tena ndani ya teksi, dereva anamtazama kwenye kioo. Ikaita mpaka ikakata.

Duka la Haji Esfandiar lilikuwa sokoni, kwenye safu ya wauza viungo. Alikuwa anampimia mteja bizari nyembamba, ile ya Kerman inayosifiwa nchi nzima, na alipomwona binti yake uso ulimchanua.

"Bibi harusi! Umekuja kunikagua? Umeniletea kolompe?"

"Baba, funga duka."

"Nifunge duka mchana?"

"Baba, tafadhali."

Mteja akachukua mfuko wake akaondoka upesi, kama watu wanavyofanya wakiona mambo ya familia. Tarane alishika ukingo wa meza. Alikuwa anamwogopa baba yake kuliko mtu yeyote duniani, ingawa hajawahi kumpiga hata kofi. Alimwogopa kwa sababu alimpenda, na kwa sababu mzee yule akisema neno halirudi.

Akasema yote. Kikombe cha kila asubuhi. Kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Kwamba Behrang ameacha dawa ili kesho karatasi iwe safi. Paa. Ghodrat. Bomba lililoachwa wazi.

Haji Esfandiar hakumkatiza. Alikuwa anachambua vijiti kwenye bizari, kimoja kimoja, anaviweka pembeni.

"Kwa hiyo bado ni teja," alisema mwishowe.

"Siyo teja, baba. Anakunywa dawa. Kama wewe na vidonge vyako vya presha."

"Usinifananishe!" Kiganja kikapiga meza, bizari ikaruka. "Jamshid alikuwa mdogo wangu. Unamkumbuka? Humkumbuki, ulikuwa mtoto. Na yeye alikuwa na kope nzuri na maneno matamu. Na yeye aliniambia kesho, kaka, kesho. Walimkuta kwenye gari, redio inaimba. Mimi ndiye niliyeizima ile redio. Halafu wewe unaniletea mwingine, unamficha chini ya nguo, mnanichekea mezani kwangu!"

"Hatukukucheka. Tulikuogopa."

"Mliniogopa." Alilitamka kama kitu kichungu.

"Baba, mpigie simu. Wewe ukimpigia anasimama wima. Mwambie tu kwamba karatasi si kitu. Mwambie anywe dawa yake, mengine yatafuata. Akisikia kwako atarudi."

"Mimi? Nimpigie teja nimbembeleze? Nimwambie nimebadilisha neno nililolisema mbele ya wazee?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Siwezi kusema nisichokitaka. Binti yangu sitampa mtu nitakayemkuta kwenye gari."

Tarane alihisi machozi yanapanda, halafu yakarudi. Kitu kingine kilipanda mahali pake. Aliona, kama mtu anavyoona njia taa ikiwashwa, kwamba kilichomweka Behrang juu ya paa na koti la baridi ni kesho. Kesho ndiyo inayomuua. Kama kesho haipo, hana cha kuvumilia.

"Basi sema, baba."

"Niseme nini?"

"Sema hakuna ndoa. Kwa mdomo wako. Nataka niwe na neno la kweli la kumpelekea. Nikimdanganya atajua, ananijua sauti."

Haji Esfandiar alimtazama binti yake kana kwamba anamwona mara ya kwanza. "Unajua unachoniomba? Biskuti zinaokwa nyumbani. Watu wamealikwa. Mimi nikisema, nimesema."

"Najua."

"Na unampenda."

"Najua, baba. Sema."

Sokoni mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, anaomba njia kwa sauti. Ulipopita, Haji Esfandiar alisema polepole, akitazama bizari:

"Hakuna ndoa."

Tarane aliinamisha kichwa kana kwamba amepewa kitu kizito akibebe. "Asante," alisema. Kisha akageuka kutoka.

"Tarane."

Alisimama.

"Huyo Ghodrat anakaa upande gani?"

"Baba?"

"Sijabadilisha neno. Ndoa hakuna. Nauliza tu anakaa upande gani." Alikuwa ameshashika ndoano ya kuvutia mlango wa chuma, anaushusha. "Kule wewe hutakanyaga. Niambie mtaa, halafu uende kliniki ukakae mlangoni. Haraka, mtoto."

Tarane akamtajia mtaa, akakimbia.

*

Pouran alikuwa ameshavaa koti la kwenda nyumbani. Wenzake wote walikuwa wameondoka. Alipomwona Tarane anaingia peke yake hakuuliza kitu, akamvutia kiti karibu na dirisha dogo.

"Akija sasa hivi unaweza kumpa?" Tarane aliuliza.

"Siyo kiasi chake chote. Daktari ameniambia nianze chini, kidogo. Lakini kitamtosha alale. Aje tu. Hata akija ameshagusa kitu, aje, kuna sindano ya kumwamsha. Mwambie hivyo. Mwambie hakuna atakayemfokea."

Tarane alipiga. Iliita, ikakata. Akapiga. Safari hii haikuita muda mrefu, kama vile mtu ameibonyeza.

"Ameikata!" alisema. "Dada, ameikata! Si ina maana yuko macho?"

"Au betri," Pouran alisema taratibu. "Mwandikie."

Vidole vilikuwa vinakosea herufi. Alifuta, akaandika, akafuta. Alitaka kuandika maneno mengi, kuhusu maji ya kunywa mara nne, kuhusu kidole karibu na sikio. Akayaacha yote. Aliandika:

*Behrang, nimemwambia baba kila kitu. Amesema hakuna ndoa. Ni kweli, sikudanganyi, muulize mwenyewe, anakutafuta. Kwa hiyo kesho hakuna kipimo. Hakuna mtu anayesubiri karatasi yako. Huna sababu ya kuteseka hata dakika moja zaidi. Nipo kliniki na Pouran, dirisha liko wazi. Hata kama umeshagusa, njoo, hakuna atakayekufokea. Sitaki uwe safi. Nataka uwe hai. Njoo unywe dawa.*

Akabonyeza. Alama moja ikatokea, halafu ya pili. Imefika.

Pouran alitazama saa ya ukutani, akamtazama Tarane, akavua koti lake na kulitundika tena msumarini.

Tarane aliweka simu juu ya goti na kuikodolea macho. Kioo kilipozimika alikigusa kiwake. Alama mbili, zilezile: imefika, haijasomwa. Kilizimika. Akakigusa.